Fulana za maneno zinazochapwa Tanga: ipi ununue, ipi uiache

Anayekwenda Ngamiani kuchapisha fulana ya maneno kwa kawaida huanza kufikiria maneno. Aanze na kitambaa. Kwa jua na unyevu wa Tanga, hasa miezi ya kaskazi, poliesta hunata mgongoni na kushika harufu, hata iandikwe maneno matamu namna gani. Tafuta pamba tupu ya gramu 160 hadi 180 kwa mita ya mraba. Ya gramu 140 huonyesha mwili na hupinda upesi ikianza kufuliwa. Ya zaidi ya 200 ni nzito, inawafaa watu wa Lushoto kuliko sisi wa huku chini. Kama haina lebo, ingiza mkono ndani uielekeze kwenye mwanga: ukiona mistari ya kiganja, iache. Kisha vuta ukosi uuachie. Ukichelewa kurudi, huo utalegea mapema. Na pamba hurudi, yaani hupungua, ikifuliwa, kwa hiyo chukua yenye nafasi kidogo urefuni.

Kwenye uchapaji ndiko pesa nyingi hupotea. Kwa oda kubwa, skrini, yaani kupitisha wino kwenye fremu ya wavu, bado haijapata mshindani. Fundi hutengeneza fremu moja kwa kila rangi, ndiyo maana fulana moja huwa ghali na dazeni mbili zikashuka bei. Wino wa plastisoli, ule mzito wa plastiki wa kuchapia kwa skrini, haukauki kwa kuanikwa juani. Lazima uive kwa joto la takriban nyuzi 160, unene wake wote. Ukiiva juu tu, kidole kitakwambia umekauka, kumbe ndani bado. Shika kitambaa pande mbili za herufi moja, kivute taratibu. Wino ulioiva huvutika ukarudi. Ambao haujaiva hupasuka nyufa palepale, na huo ukitiwa majini mara chache tu utaanza kumeguka.

Kwa fulana moja moja, au picha ya rangi nyingi, chukua DTF (direct to film), yaani uchapaji wa kupitia filamu. Fundi huchapa kwenye filamu, huimwagia unga wa gundi na kuuyeyusha, kisha huikandamiza filamu kwenye fulana kwa nyuzi 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15. Adui wake hapa kwetu ni unyevu: pamba iliyotundikwa dukani hunyonya hewa ya bahari, na ikibanwa na moto mvuke hukosa pa kutokea, gundi isishike vizuri na kingo za herufi zikainuka. Fundi makini huipiga fulana tupu sekunde 3 hadi 5 kwanza, na akishabandua filamu huikandamiza tena. Simama umtazame. Kagua matundu ya "a" na "o": yakizibwa na gundi, au yakiwa na ukungu mweupe pembeni, omba irudiwe. Usikubali pia maneno yaliyowekwa juu ya kibao kizima cha rangi. Ule ni utando usiopitisha hewa, na jasho lote litakaa nyuma yake. Sublimesheni, ule uchapaji wa wino unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye poliesta, haishiki kwenye pamba. Waachieni wenye jezi.

Maneno sasa. Pwani hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza, kanga zipo. Jina la kanga hukaa mstari mmoja, na mara nyingi aliyevaa ndiye anayesema. "Japo sipati tamaa sikati": huyo anajieleza mwenyewe, hamwamrishi mpita njia. Fulana nyingi za siku hizi ni amri tupu: Amka! Pambana! Acha uvivu! Aliyeivaa haisomi, anayesomeshwa ni mama aliyekaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri na mgonjwa wake. Hilo linaumiza, na ni rahisi kuliepuka. Chagua maneno unayoweza kuyatamka kwa mdomo wako mbele ya mkweo, yasizidi matano au sita. Kanga mtu huikunja jina likajificha; fulana haina pa kufichia. Msibani usiende nayo, na kama utaingia nayo msikitini usichapishe mgongoni, maana wa safu ya nyuma ataisoma sala nzima.

Mstari wa juu ukae sentimita 7 hadi 8 chini ya ukosi. Ukishuka sana, maneno huangukia tumboni na kukunjamana kila ukikaa. Soma tahajia herufi kwa herufi kwenye kompyuta ya fundi kabla hajachapa.

Ya DTF usiifue kabla ya saa 24. Igeuze ndani nje, tumia maji ya baridi, usitie jiki, usisugue herufi kwa brashi, uianike kivulini. Pasi ipite upande wa ndani tu. Pasi ya mkaa haina kipimo cha moto na huyeyusha herufi mara moja.

Kwa oda ya kikoba, timu au harusi, lipieni kwanza sampuli moja, mkaifue mara tatu. Ikisimama, ndipo mtoe pesa ya zilizobaki.