Skrepa ya Mkono: Iliyonunuliwa Dukani na Iliyokatwa kwenye Msumeno Mkuukuu

Hamjambo watazamaji, na karibuni katika karakana yetu hapa Nairobi. Leo tunachambua skrepa ya mkono, lile bamba jembamba la chuma lisilo na mpini ambalo seremala hulishika kwa mikono miwili na kulisukuma juu ya mbao ili kuondoa utando mwembamba sana wa uso wake. Ninazo mbili mezani. Ya kwanza imenunuliwa dukani, ina urefu wa milimita 150, upana wa milimita 60 na unene wa milimita 0.8. Ya pili imekatwa kutoka kwenye msumeno wa mkono uliokwisha meno, ulionunuliwa Gikomba kwa bei ya chuma chakavu. Nimezijaribu zote kwenye ubao mmoja wa mvule, kwa kuwa nyuzi za mvule hupishana, na randa hata ikiwa kali huteleza vizuri upande mmoja, kisha ikifika mahali nyuzi zinapogeuka huzing'oa na kuacha vishimo.

Skrepa mpya haiko tayari kwa kazi. Hii ya dukani ilitoa vumbi tupu nilipoipitisha kwenye mbao jinsi ilivyokuja, na hapo ndipo mafundi wengi huitupa kando na kurudi kwenye msasa. Nawasihi msiihukumu kabla ya kuinoa, kwani haikati kwa makali kama ya kisu, bali kwa ndoano ndogo mno iliyopindwa kwenye ukingo wake, ambayo ni vigumu kuiona kwa jicho lakini kidole huihisi mara moja.

Bana bamba kwenye jiliwa, ukingo ukitazama juu, kisha upitishe tupa bapa yenye meno laini kwa urefu wa ukingo hadi mng'aro mpya wa chuma uenee kutoka pembe hadi pembe. Ukingo sharti ufanye digrii 90 kamili na uso wa bamba. Tupa ikiyumba mikononi, iegemeze kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Baada ya hapo sugua ukingo na nyuso zote mbili kwenye jiwe la kunolea, au kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo. Hatua hii hurukwa sana, nayo ndiyo inayoamua ubora wa kazi, maana kila mkwaruzo wa tupa unaobaki kwenye ukingo huwa pengo katika ndoano, na kila pengo huchora mstari kwenye mbao ambao vanishi itauonyesha wazi.

Sasa tazameni kwa karibu. Ili kupinda ndoano tunahitaji chuma cha mviringo kilicho laini usoni na kigumu kuliko skrepa yenyewe. Bisibisi ya bei nafuu haifai, kwa sababu skrepa huichimba. Mimi natumia pini ya pistoni kuukuu, ya aina inayopatikana kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road, kwa kuwa uso wake umefanywa mgumu na kusuguliwa hadi ukawa laini kabisa. Weka tone la mafuta. Kwanza laza bamba mezani na upitishe pini juu ya uso wake, karibu na ukingo, mara kadhaa, ili chuma kivutwe kuelekea nje. Kisha lisimamishe kwenye jiliwa, upitishe pini juu ya ukingo, uanze ikiwa sawa na uimalizie ikiwa imeinama kati ya digrii 5 na 10. Huhitaji nguvu nyingi. Ukikandamiza mno, ndoano hupinda kupita kiasi na kukataa kushika mbao. Ipime kwa kuvuta kidole kutoka katikati ya uso kwenda nje ya ukingo, kamwe si kwa kukipitisha kwa urefu wake.

Katika matumizi, shika bamba kwa vidole pande zote mbili, ulipinde kidogo kwa kusukuma vidole gumba katikati, ulisimamishe wima, kisha uliinamishe mbele polepole hadi lianze kung'ata. Oneni, haya ni maranda, membamba kama karatasi ya sigara, na vile vishimo vya randa vimekwisha. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, na tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Maranda haya yanaanguka sakafuni, hayaingii kifuani. Vidole gumba, hata hivyo, hupata joto kali, kwa hiyo vifungeni kitambaa.

Kuhusu chuma chenyewe, ile ya msumeno imeshika ndoano vizuri sawa na ya dukani, na ingawa ni ngumu zaidi kuipinda kwa vidole, naipendekeza kwa anayeanza. Ukiikata kwa grainda, ichovye majini kila mara, kwani chuma kikigeuka buluu kwa joto kimelainika, na sehemu hiyo haitadumu na makali. Ya dukani ilikuja na ukingo uliopinda, ikanidai tupa kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa bei yake halikupaswa kuwa hivyo.

Kwa saipresi na paini, skrepa hizi hazifai, maana nyuzi laini hukunjamana badala ya kukatika. Humo endeleeni na randa kali na msasa. Kwa mvule, mkangazi na meru oki, zinoeni upya kwa pini pekee mara ndoano inapochoka, na mrudi kwenye tupa pale tu pini inaposhindwa kuirudisha.