Shingo la gitaa lililobonyea: mvuke au supaglu?

Magitaa ya umeme ya kwaya zetu hapa Bukavu hugongwa sana, na kidole gumba ndicho cha kwanza kuhisi kishimo nyuma ya shingo.

Kama mti umebonyea tu bila kukatika, mimi nachagua mvuke. Ondoa vanishi juu ya kishimo, weka tone la maji, liache lizame. Kisha funika kwa kitambaa chenye unyevu, gusa kwa ncha ya pasi ya moto sekunde chache. Mti unavimba, kishimo kinapanda mbele ya macho yako! Rudia mara mbili tatu. Pasi isikaribie ubao wa vidole (ule wa mbele ya shingo, unapobonyeza nyuzi), kwa sababu joto hulegeza gundi yake. Acha mti ukauke vizuri, hasa majira ya mvua, ndipo upige msasa namba 320, kisha 400, na upake vanishi au mafuta ya kitani yaliyochemshwa.

Supaglu inafaa pale mti umekatika, au vanishi ni nene na hutaki kuibandua. Unajaza tone kwa tone, unasawazisha kwa msasa. Ni haraka, lakini alama yake mara nyingi huonekana.