Niue kwa anayetoka Dar: maji ya kioo, ila mtihani uko Auckland

Kwa mazingira tunaipa Niue, kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki, nyota 5 kati ya 5. Kwa urahisi wa kufika kutoka Dar tunaipa 2, na wala hatuoni kuwa tumeionea.

Tuanze na njia, maana hapo ndipo pesa hupotea. Ndege ya Niue hutoka Auckland, New Zealand, kwa kawaida mara 2 kwa wiki, mwendo wa kama saa 3 na nusu. Kwa hiyo usikimbilie kununua tiketi ya Dar kwenda Auckland kwa Doha au Dubai. Shika kwanza nafasi kwenye ndege ya Niue, ndipo upange ya kutoka Dar, ukiacha angalau usiku mmoja Auckland. Ukiikosa ile ndege utasubiri siku kadhaa, na chumba ulichokwisha kulipia kisiwani kiko kitupu.

Usiku huo mmoja ndio unaoleta suala la viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya New Zealand hata kama ni mpita njia tu. Wapo mawakala wa tiketi wanaosema viza ya kupita inatosha. Haitoshi! Hiyo inakuweka ndani ya eneo la wapitaji pale uwanjani, usizidi saa 24, bila kutoka. Omba viza ya matembezi, tena inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu wakati wa kurudi unaingia Auckland upya.

Kuna na mtego wa tarehe. Niue iko ng'ambo ya mstari wa tarehe: ukiruka Auckland Jumanne asubuhi, unatua Jumatatu mchana. Chumba na gari viwekwe kwa tarehe ya Niue. Dar inaitangulia kwa saa 14; hapa ikiwa saa 2 asubuhi Jumatano, kule ni saa 12 jioni Jumanne.

Ukishafika, sahau fukwe. Anayetaka mchanga kama wa Nungwi abaki Nungwi. Niue ni jiwe moja la matumbawe lililoinuka kutoka baharini, kama kilometa za mraba 260, na watu wake hawafiki 2,000. Haina mto hata mmoja. Mvua inachujwa na mwamba, hakuna tope linaloingia baharini, ndiyo maana maji yake ni maangavu kupita kiasi. Kwenye madimbwi ya Limu, ukiinamisha uso na miwani ya kuzamia utaona ukungu, kana kwamba kioo kimepakwa mafuta. Usihangaike kukifuta. Ni maji baridi ya mvua yanayotoka mwambani na kuelea juu ya maji ya chumvi. Shuka kidogo tu, samaki wanaonekana wazi. Nyoka wa baharini utakayemkuta humo, katuali, ana sumu lakini ni mpole. Mwache apite.

Nyangumi wa nundu huja kati ya Julai na Oktoba. Ni kweli kwamba miezi hiyo wanapita pwani yetu pia, lakini huko Niue kina kirefu cha bahari kinaanza karibu sana na ufuko, hivyo huonekana hata ukiwa umesimama nchi kavu. Kuogelea nao ni kwa waongozaji wenye leseni tu. Boti za utalii hazitoki Jumapili, na maduka mengi hufungwa, basi nunua chakula Jumamosi. Epuka Novemba hadi Aprili, msimu wa vimbunga. Heta cha Januari 2004 kilikiumiza vibaya kisiwa.

Njia za kushukia baharini zipangwe kwa maji kupwa. Pango la Avaiki ni la wakati huo tu. Maji yakianza kujaa, ondoka. Korongo la Togo ndilo la kulitengea nusu siku: unapita msitu wa Huvalu, kisha vichongo vya matumbawe vyenye ncha kali, halafu ngazi ya wima inayokushusha kwenye korongo lenyewe, lenye mchanga na minazi. Kandambili na yeboyebo hazifai hapo. Mkwaruzo wa matumbawe usidharau: osha kwa maji safi, toa chembe zote, paka dawa, la sivyo utatunga usaha. Hospitali iko, ila ni ndogo. Bima yako ilipie usafiri wa ndege ya wagonjwa hadi New Zealand.

Buti nzuri za mtumba zinapatikana soko la Karume, Dar, bila gharama kubwa. Chagua zenye soli ngumu yenye meno. Lakini New Zealand wanakagua udongo kwenye viatu na chakula mizigoni, na usipotangaza chakula faini yake ni dola zao 400. Zisugue soli kwa mswaki mkuukuu na sabuni, chokonoa kila jino, zianike zikauke kabisa kabla ya kufunga begi, na kwenye fomu ya kuingilia uzitangaze.