Sindano ya Salk na matone ya Sabin
Mama wa Likoni anayempeleka mwanawe kliniki kuchanjwa polio hukutana na kazi ya wanasayansi wawili waliokuwa mahasimu. Chanjo ya Jonas Salk, iliyotangazwa kufaulu nchini Marekani mwaka 1955, hutumia virusi vilivyouawa na hudungwa kwa sindano, kwa hiyo haiwezi kumletea mtoto maradhi yenyewe. Albert Sabin alichagua virusi hai vilivyodhoofishwa: matone mawili mdomoni, mtoto akunje uso, basi. Matone hujenga kinga hadi utumboni, ambako virusi huzaliana, wala hayahitaji mdungaji stadi, na kwa kampeni za nyumba kwa nyumba ningeyachagua hayo. Ila kwa nadra sana virusi hivyo hurudia ukali wake, na hapo sindano, japo humliza mtoto, ndiyo salama zaidi.