Hita ya shawa ya wati 5,500 kwa baridi ya Arusha

Kwa baridi ya Juni na Julai, hita hii inatosha, ila usifungulie koki yote. Maji yakipita lita 3 kwa dakika hupanda joto kama nyuzi 26. Kwa lita 5 hupanda 16 tu, na hapo ndipo watu huilaumu bure. Dakika 10 za kuoga hula karibu uniti 0.9 ya LUKU.

Nyumba ya maji ya kisima ichukue yenye koili (waya unaopasha maji) iliyofunikwa. Koili ya wazi kwenye maji ya chumvi huvujisha umeme, ndiyo ule mtekenyo unapogusa koki. Bila waya wa ethi (unaopeleka umeme unaovuja ardhini), usiifunge kabisa.

Inavuta ampea 25, kwa hiyo ipewe laini yake: waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 32. Waya wa soketi unaweza kuungua, hata fundi akisema “itabeba tu”.

Koili mpya nyingi huungua siku ya kwanza kwa kuwashwa zikiwa kavu: acha maji yatoke kwanza, swichi baadaye. Matundu yakiziba kwa chokaa, zima breka, fungua kichwa chenye matundu, kiloweke kwenye siki usiku kucha.