FlashCopy ya Storwize V7000: hiyo 50 sio nusu jamani

Nimekaa na Storwize V7000 miaka kadhaa sasa, na kati ya vitu vyote vya hii storeji ya IBM nataka niongelee kimoja tu, ile namba ya kasi ya kukopi unayoweka ukitengeneza kloni (nakala kamili) ya volumu, yaani diski ambayo storeji inaipa seva, kwa FlashCopy, ile huduma yake ya kunakili. Hata kama una SVC au FlashSystem, storeji nyingine za IBM zinazotumia programu ileile, haya yanakuhusu. Naona watu wengi wanaipita hiyo sehemu wanabonyeza tu kuendelea, na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Ukichagua kloni inakuja na 50 tayari, na kwa kuwa mwisho wa zamani ulikuwa 100 (matoleo ya baadaye yanafika 150) kichwa kinakwambia hiyo ni nusu ya mwendo, iko katikati, haina shida. Kumbe hapana. 50 maana yake ni MB 2 kwa sekunde. MB 2! Kuanzia 1 mpaka 10 ni KB 128 kwa sekunde, halafu kila ukipanda kumi kasi inajizidisha mara mbili, kwa hiyo 51 mpaka 60 ni MB 4, 61 mpaka 70 ni 8, halafu 16, halafu 32, na 91 mpaka 100 ni MB 64. Nusu ya kweli ya ile 100 iko kwenye 90.

Na ndani ya kila kumi hakuna tofauti yoyote. 41 na 50 ni kitu kilekile. Mwenzangu mmoja alikuwa anashusha kutoka 50 kwenda 45 ili diski zipumue, anasubiri, anaangalia grafu, hakuna kilichobadilika, wakati angeenda 40 tu kasi ingekatika nusu.

Sisi yalitukuta na databesi ya tera 2. Ijumaa saa kumi na mbili jioni tukaanzisha kloni ya kufanyia majaribio ya toleo jipya, tukaacha 50, tukaenda nyumbani. Jumatatu saa mbili asubuhi naita lsfcmapprogress, amri ya kuonyesha kopi imefika wapi, nakuta asilimia 21. Nikapiga hesabu pale pale, tera 2 kwa MB 2 kila sekunde ni siku 12, na watu wa majaribio wamekaa wanasubiri. Mashine haikukosea kitu, ilifanya tulichoiambia.

Sasa mtu atauliza shida iko wapi, si kloni inatumika tangu sekunde ya kwanza? Ni kweli, unaiunganisha na seva hapohapo na data zote unaziona, ila mpaka kopi iishe kloni bado inaegemea volumu mama. Ukisoma kwenye kloni kipande ambacho hakijakopiwa, kinasomwa kwenye diski za mama. Na seva ya kazi ikitaka kuandika kwenye kipande ambacho hakijakopiwa, kile cha zamani lazima kihamishiwe kwanza kwenye kloni, na kipande kimoja kwa kawaida ni KB 256, kwa hiyo hata badiliko dogo la KB 8 linaburuta KB 256 nyuma yake. Yaani kwenda polepole nako kuna gharama, unailipa kidogokidogo siku zote 12. Hili ndo lilinichukua muda kulielewa, nilidhani namba ndogo ni ya usalama.

Namba kubwa nayo ina yake. Ile Jumatatu nilipandisha moja kwa moja mpaka 100, asubuhi, siku za mishahara, na volumu zote mbili ziko kwenye diski za mizunguko 7,200 kwa dakika. Muda wa kujibu ulikuwa milisekunde 6, dakika chache baadaye ukapita 40, simu zikaanza, mfumo mzito, risiti hazitoki. Hapo nikajifunza kwamba kukopi huku hakuzipi seva njia, diski zikizidiwa kopi na seva zinagombania sawa kwa sawa na wote wanachelewa. Kwa hiyo usiichukulie kama kipaumbele cha nani apite kwanza, ni kasi ambayo mashine itajitahidi kuifikia. Tena ni ya kila kloni peke yake, ukiwa na kloni 5 kwenye 80 umeomba MB 80 kwa sekunde, na kila MB inasomwa huku na kuandikwa kule.

Kilichoniokoa ni kwamba namba unaibadilisha kopi ikiwa inatembea, husimamishi chochote. Unaandika amri chfcmap -copyrate 60 fcmap0 (fcmap0 ni jina la kopi yenyewe), enta, na ndani ya muda mfupi watu wakarudi kazini. Kwa hili peke yake naipa hii storeji heshima kubwa.

Nikilinganisha na nyingine, HPE 3PAR inakupa ngazi tatu, chini, kati na juu, na Dell PowerVault za MD zinakupa tano. Ni rahisi kuchagua, sawa, ila neno juu halikwambii kopi itaisha saa ngapi. Hapa unajua, tera 2 kwenye 100 ni kama saa 9, kwenye 90 ni saa 18, kwenye 80 ni saa 36 na ushee, ikiwa diski zako zinaweza. Naomba tu wangetuandikia MB zenyewe badala ya namba inayofanana na asilimia.

Mambo mawili ya haraka. 0 haikopi kitu nyuma ya pazia, hiyo ni ya snapshoti (picha ya data inayoendelea kuegemea mama), usiiweke kwenye kloni unayotaka ijitegemee. Na kloni ikifika 100% ile mapingi, yaani kiungo kati ya mama na kloni, inajifuta yenyewe, mara ya kwanza nilishtuka nikajua nimepoteza kazi, ila volumu ipo na iko huru.

Siku hizi nina skripti ndogo, saa tatu usiku inaweka 90, saa kumi na mbili asubuhi inarudisha 60. Usiku mmoja inakula kama tera 1, mchana inachechemea bila mtu kulalamika, na ile databesi ya tera 2 inaisha kabla ya alfajiri ya usiku wa pili.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya ile 50.