Simu kwenye redio ya stereo: waya au Bluetooth?

Kwa filamu, chagua waya wenye plagi ya milimita 3.5, kama ya earphone: sauti haichelewi nyuma ya picha. Chomeka waya huo redio ikiwa imezimwa au sauti iko sifuri, la sivyo spika hupiga mlio mkali. Weka sauti ya simu karibu asilimia 80, kisha ongezea kwenye redio. Simu ikiwa chini sana, redio hukuza na mvumo wake. Mngurumo ukianza wakati simu inachaji, chomoa chaja. Mara nyingi tatizo ni hiyo, si spika.

Bluetooth yatosha kwa muziki. Hufika kama mita 10, kuta zikiipunguza. Redio isipoonekana kwenye simu, huenda bado imeshikwa na simu nyingine: izime Bluetooth ya hiyo kwanza.